Mwalimu Wijdan na Dumbaki la Jumanne

Mwalimu Wijdan alikuwa mtu wa kushukuru mpaka inakera. Mvua ikinyesha alishukuru, ikikatika alishukuru. Basi la shule likiharibika kwenye kona za milima ya Ajloun, wenzake wote wamenuna, yeye utamsikia, "Alhamdulillahi, limeharibikia penye kivuli." Mwalimu Mkuu, Bi Ibtihaj, alizoea kumwambia, "Wijdan, siku utakayoshukuru kuumwa na jino, mimi nahama shule." Naye alicheka na kushukuru kwamba amepata mkubwa wa kazi anayejua utani.

Aliajiriwa kufundisha mazoezi ya viungo katika shule ya wasichana ya mtaa wa juu, pale Anjara. Kuruka kamba na kukimbia mduara aliwafundisha, sikatai. Lakini kazi aliyoipenda ni ile ya Jumanne, masomo yakiisha, katika ukumbi mdogo wenye jukwaa la mbao: kuigiza na kucheza dabke, ngoma yetu ya mstari. Hapo ndipo ungemjua Wijdan ni nani.

Kwanza, hakuwapa watoto nafasi zinazowafaa. Msichana mwenye kelele alipewa kuigiza bibi mgonjwa asiyesema neno. Yule mpole, anayejibu maswali ya hesabu huku amefunika mdomo, alichorwa masharubu kwa wanja na kuambiwa, "Wewe leo ni baba wa watoto saba, na wote wamekukosea. Haya, tuanze." Mtoto huyo alianza kwa kunong'ona. Wiki chache baadaye alikuwa anafoka mpaka mlinzi wa getini akaja mbio kuuliza nani anapigwa.

"Usinisemeshe mimi," Wijdan aliwaambia. "Mimi nakusikia. Semesha ule ukuta wa nyuma. Ukuta ni kiziwi, maskini, nao una haki ya kusikia mchezo."

Na kwenye dabke ndiyo usiseme. Wasichana walisimama mstari mmoja, bega kwa bega, mikono imeshikana, visigino vikigonga mbao kwa pamoja, na yeye akipita nyuma yao. "Mkono wa mwenzio si mkia wa paka, ushike! Kisigino, si kidole! Nani huyo anapapasa sakafu kama anatafuta hereni?" Walicheka, wakakosea, wakarudia. Aliyepiga dumbaki mwaka ninaousimulia alikuwa Rahaf, mtoto wa muuza mboga, mwenye viganja vipana na ulimi usiojua kuficha kitu. Ukimwuliza Rahaf kama nguo imekupendeza, uwe umejiandaa.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na ukuta mmoja tu, na ng'ambo ya ukuta huo alikaa Hajati Nofa.

Bibi huyu na dumbaki la Jumanne walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mkono wa kwanza ukigusa ngozi tu, dirisha lake linafunguka. "Wijdan! Unafundisha watoto au unabomoa nyumba yangu?" Kisha kinaruka kiatu. Kinavuka ukuta, kinatua uani mwa shule, na mtoto mmoja anatumwa kukirudisha mlangoni kwa adabu, "Hajati, kiatu chako," naye anakipokea tayari kwa kukirusha tena. Waliishi hivyo miaka na miaka. Wijdan hakuwahi kumjibu vibaya hata siku moja, ila alikuwa na kidonda chake kwa nyumba ile, na kidonda hicho kiliitwa Khitam.

Khitam alikuwa binti wa mwisho wa Hajati Nofa. Alikuwamo katika mstari wa kwanza kabisa ambao Wijdan aliufundisha, enzi hizo mwalimu mwenyewe hajapata hata mvi moja. Na hakuwa mchezaji wa kawaida. Kichwa cha mstari, yule anayeongoza na kuzungusha leso, alikuwa yeye, ana miaka kumi na mitano na miguu isiyogusa vumbi. Kukaribia siku ya maonyesho, Hajati Nofa akasikia kwamba wageni wa idara ya elimu watakuwa wanaume. Aliingia ukumbini mchana kweupe, akamshika binti yake mkono, akamtoa mbele ya wenzake. Wijdan alimfuata hadi nyumbani, akabembeleza, akaapa, akalia. Hajati Nofa akamjibu kwa neno moja, "Hapana," na mlango ukafungwa. Khitam hakurudi tena ukumbini. Hakuolewa pia, kaka zake walihamia mjini Irbid, akabaki yeye kumtunza mama. Wakikutana dukani na mwalimu wake walisalimiana, wakaulizana hali, kila mmoja akashika njia yake.

Sasa, mwaka huo idara ya elimu ya mkoa ikatangaza kwamba vilabu ni vingi na kumbi ni chache. Wakaguzi watazunguka. Shule itakayoonyesha mchezo uliokamilika, maigizo na ngoma pamoja, itabaki na ukumbi wake na saa zake. Itakayoshindwa, ukumbi unageuzwa darasa. Shuleni kwa Wijdan wangefika Alhamisi, na hawatarudi, maana wana shule nyingine tele. Bi Ibtihaj alipotoa habari hiyo, mwalimu wa kemia alianza palepale kuupima ukumbi kwa macho, akifikiria wapi ataweka meza zake. Wijdan alimwona. Alisema alhamdulillahi, lakini safari hii ilitoka kavu.

Waliandaa mchezo wa koo mbili zinazogombea kisima, zikapatana mwishoni kwa harusi. Masharubu ya wanja yalikuwa tele. Watoto walijua maneno yao, na ya wenzao, na makosa ya wenzao. Ilibaki siku ya kuja wakaguzi tu.

Jumanne alfajiri, Hajati Nofa akafariki.

Adhuhuri wakamzika. Kufika alasiri, wanawake wa mtaa mzima walikuwa wameketi sebuleni kwake, Qur'an inasomwa, na msiba ungeendelea mpaka Alhamisi jioni. Kwetu hakuna anayepiga ngoma jirani akiwa na msiba. Watu wameahirisha harusi zao, vyakula vimeshapikwa, kwa sababu ya maiti ya nyumba ya tatu. Na huyu hakuwa wa nyumba ya tatu, alikuwa wa ukutani.

"Funga madirisha," alisema Bi Ibtihaj. "Rahaf apige kwa vidole. Nani atasikia?"

"Ukuta ni mmoja, Ibtihaj. Wao wanamsomea marehemu upande ule, sisi tugonge visigino upande huu? Halafu nimtazame nani usoni?"

"Basi onyesheni maigizo matupu."

"Mchezo unaishia kwenye harusi. Harusi bila ngoma ni kikao cha wazazi."

"Basi nenda ukawaombe, mwanamke wewe! Ukumbi unaondoka, unauona?"

"Nauona," alisema Wijdan. Akakaa. "Mfiwa haombwi. Ukimwomba umemtia kitanzini. Akikataa, watamwita mchoyo. Akikubali, watasema hana uchungu na mama yake. Akitaka atatoa mwenyewe, na asipotaka, basi. Tutafunga ukumbi, na nitashukuru kwa miaka niliyoupata."

Alisema hivyo kwa sauti nzuri tu. Lakini alipotoka alikwenda kukaa pembeni mwa jukwaa, peke yake, akapapasa mbao zile kwa kiganja, na machozi yakamtoka.

Jumatano aliwachukua wasichana wake wakubwa kwenda kuhani, kama inavyopasa. Njiani aliwasimamisha na kuwapa onyo. "Mnaingia, mnasema pole, mnakaa. Mkipewa kahawa mnapokea kwa mkono wa kulia. Habari za mchezo hakuna. Yeyote atakayetamka neno mchezo mle ndani, mimi na yeye basi. Rahaf, umesikia?"

"Kwa nini mimi, Mwalimu?"

"Kwa sababu wewe ndiwe Rahaf."

Sebule ilijaa. Khitam alikuwa ameketi katikati ya shangazi zake, kajitanda nyeusi, macho yamevimba. Wijdan alimbusu mashavu yote mawili, akamwambia pole, akatafuta nafasi chini karibu na mlango pamoja na watoto wake. Binamu mmoja akapita na birika. Kahawa ya msibani ni chungu tupu, haina hata chembe ya sukari, na Rahaf nyumbani kwao alikuwa anakunywa chai ya sukari mpaka kijiko kinasimama. Alipokea finjani kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa. Akainusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi, uso ukajikunja. Kisha, kwa adabu zake zote, akaiweka chini kwenye zulia, mbele ya magoti yake, imejaa vilevile.

Loo! Mnajua alichofanya? Wazee wakienda kuposa, au kuombea mtu msamaha, ndivyo wanavyofanya. Finjani inawekwa chini, hainywewi, mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunyweni kahawa yenu," na akishasema hivyo ombi limekubaliwa, hakuna kurudi nyuma. Hakuna mtu mzima asiyeijua ishara hiyo. Mtoto wa shule kuifanya, tena msibani, hiyo hawajaiona.

Macho yote yakamgeukia. Shangazi mmoja akashusha tasbihi. Wijdan akageuka kuona wanatazama nini, akaiona finjani.

"Inywe," alimnong'oneza. "Rahaf, inywe sasa hivi!"

"Siiwezi, Mwalimu."

"Inywe hivyohivyo!"

"Mwache," alisema Khitam. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia siku mbili. "Finjani iko chini. Haya, binti, umekuja na ombi gani?"

"Ombi?" Rahaf alimtazama mwalimu wake, akamtazama Khitam, akaitazama finjani kama imemsaliti. "Mimi sina ombi, shangazi. Ni chungu tu."

Mwanamke mmoja kule nyuma akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika. Khitam hakucheka. "Najua ni chungu. Hata mimi nainywa tangu jana. Lakini umekuja na jambo, unalo usoni. Sema."

Kumwambia Rahaf aseme! Afadhali ungemwambia maji yateremke mlima.

"Kesho tulikuwa tucheze mbele ya wakaguzi," alisema, maneno yakamwagika. "Tusipocheza wanachukua ukumbi. Mwalimu amesema hatuchezi, kwa heshima ya Hajati. Na amesema tusiseme hapa. Amesema atakayesema, yeye na yeye basi. Mwalimu, mimi nimeulizwa!"

Wijdan alitamani zulia limmeze. Alisimama, uso unawaka. "Khitam, mwanangu, Mungu shahidi, sikuja kwa ajili hiyo. Mtoto hajui maana ya finjani. Tusamehe. Inukeni, wasichana, twende."

"Kaa chini, Mwalimu," alisema Khitam.

Mwalimu akakaa, kama vile yeye ndiye mwanafunzi.

"Mama yangu alikuwa anakutukana kila Jumanne," Khitam alianza polepole. "Mimi nilikuwa jikoni, naosha vyombo, na miguu yangu inacheza chini ya beseni. Siku moja nikageuka, namkuta amesimama mlangoni, ananitazama miguu. Nilidhani atanipiga, mtu mzima mimi. Alirudi dirishani akaendelea kukutukana. Na alipolala kitandani hawezi kuinuka, kila Jumanne aliniambia, fungua dirisha vizuri, nimtukane Wijdan. Nilifungua. Hakutukana, Mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia, funga, kuna baridi."

Khitam akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamwinamia Rahaf.

"Kunywa kahawa yako, binti."

Rahaf hakuelewa uzito wa neno lile, ila alielewa amri. Aliibeba finjani, akafumba macho, akaimeza yote kwa mkupuo mmoja, akakohoa mpaka machozi. Hapo hata shangazi mwenye tasbihi alishindwa kujizuia.

Lakini msidhani mambo yakaisha. Jioni ile kaka mmoja wa Khitam alirudi tena kutoka Irbid, akaambiwa, akafoka. Kaburi la mama halijakauka, na wewe unaruhusu ngoma? Habari ikapita ukutani haraka kuliko upepo. Wijdan alijua desturi: ruhusa ya mfiwa ni neno, lakini kinachofungua ngoma ni miguu yake. Ni lazima aje mwenyewe, ashike mkono wa kwanza, apige hatua mbili tatu, ndipo watu wajue kwamba hakuna kinyongo. Asipokuja, neno lake limezuiwa nyumbani, na dumbaki halipigwi.

Alhamisi ukumbi ulifurika akina mama. Wakaguzi walikaa mbele, mkubwa wao bwana mmoja wa miwani kutoka Irbid, kalamu mkononi. Khitam hakuonekana.

"Anza," alisema Bi Ibtihaj, anauma kucha.

Mchezo ukaanza. Na watoto waliigiza, jamani! Mpole wa masharubu alifoka mpaka mkaguzi mmoja akarudisha kiti nyuma. Koo mbili zikagombana, ndoo zikavutwa, bibi asiyesema neno akawavunja watu mbavu kwa macho tu. Wijdan, pembeni mwa jukwaa, alikuwa anasikia kila neno likigonga ukuta wa nyuma, na kila neno lilimkaribisha kwenye harusi aliyokuwa anaiogopa. Koo zikapatana. Bibi harusi akatolewa. Mstari ukajipanga, mikono ikashikana. Rahaf akaweka viganja juu ya ngozi ya dumbaki, akamgeukia mwalimu wake.

Wijdan akatikisa kichwa, hapana.

Kimya. Wakaguzi walidhani watoto wamesahau. Akina mama, wao walijua. Bwana wa miwani aliinamisha kalamu yake kuandika. Mle mstarini, midomo ya wadogo ilianza kutetemeka, lakini hakuna aliyeachia mkono wa mwenzake. Wijdan aliwatazama, akawapenda kwa jambo hilo kuliko ngoma zote walizowahi kucheza. Alivuta pumzi atoke mbele akawaombe radhi wageni.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Khitam aliingia na nguo zake nyeusi, na nyuma yake shangazi wawili, na nyuma ya shangazi, mikono mifukoni na uso umekunjamana, kaka yake. Watu walimpisha. Alipanda jukwaani, akaenda hadi kichwa cha mstari, na msichana aliyekuwa anaongoza akampa leso bila kuambiwa. Khitam akamshika mkono. Akamtazama Rahaf.

"Piga, binti. Na usipige kwa vidole."

Rahaf akapiga. Khitam akatoa hatua ya kwanza, nzito, ya mtu anayejaribu daraja. Ya pili. Ya tatu. Hapo ndipo mfiwa anaachia mkono na kurudi kwake, ametimiza. Shangazi zake walishainuka kumpokea.

Hakuachia.

Leso ilipanda juu. Visigino vikashuka, na mstari mzima ukamfuata, masharubu, bibi harusi, koo mbili zote. Mwanamke wa miaka arubaini na kitu, amefunga safari yake kutoka msibani, alicheza mbele ya wanaume wa idara, machozi yanamtiririka, kichwa kimeinuka. Akina mama walilia wazi. Shangazi mwenye tasbihi alitoa kigelegele, akashtuka mwenyewe, kisha akatoa kingine. Kaka mtu alitazama chini, akatazama juu, na dumbaki lilipofika mwisho alikuwa anajifuta pua kwa shemagi lake, kile kitambaa cha kichwani.

Mkaguzi mkubwa alisimama. Alisema maneno mengi, kama kawaida yao, lakini lililohitajika alilisema mapema: ukumbi usiguswe. Mwalimu wa kemia alipiga makofi pamoja na wengine, naye nampa haki yake.

Pembeni mwa jukwaa, Wijdan alikuwa amejaa shukrani mpaka kooni, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na neno la kuzisema. Khitam alimjia anahema, leso bado mkononi.

"Mwalimu," alisema, "pale katikati nilikosea mguu?"

Wijdan alimtazama. Alimwona wa miaka kumi na mitano, na alimwona huyu.

"Umekosea kila mahali," alimjibu. "Mguu wa kushoto unauburuta, na nilikwambia zamani. Arobaini ikipita, njoo Jumanne. Mazoezi saa nane."

Khitam alicheka, halafu akamwangukia begani na kulia kilio ambacho hakikuwa cha mama yake peke yake.

Arobaini ilipopita alikuja, na raba za mpwa wake miguuni. Wijdan akamweka mwisho wa mstari, anakowekwa kila mgeni, na msichana wa darasa la saba akamshika mkono.